Kukanyaga ni Hesabu ya Mgawanyo

Mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering una mtindo wa kubana sheria nzima ndani ya neno moja, na katika maneno hayo kukanyaga ndilo ambalo mchezaji mgeni hudhani amelielewa siku ya kwanza. Limo tangu seti ya kwanza ya mwaka 1993, mchezo huo uliobuniwa na Richard Garfield ulipotolewa na kampuni ya Wizards of the Coast. Kwenye kadi za Kiingereza limechapwa Trample. Picha ya kadi huwa ya dubwana, joka au dinosaria au tembo wa kale, na mtu humwona mnyama huyo akimpitia mzuiaji juu kwa juu hadi kumfikia mpinzani aliyejificha nyuma. Picha yenyewe haina ubaya, ila inafundisha jambo lisilo la kweli: kwamba kukanyaga ni nguvu ya ziada, na kwamba mnyama hawezi kupita mpaka aue kwanza. Hoja yangu ni kwamba kukanyaga ni kanuni ya kugawa madhara, basi. Hakuongezi pointi hata moja, wala hakuhitaji kifo cha kiumbe chochote. Mchezaji anayekushika hivyo atajibu mwenyewe karibu kila swali gumu linalozuka mezani bila kukariri majibu, na atajua lini atafute kadi zenye uwezo huu, lini ashambulie nazo, na lini akae kimya bila kuzuia.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, tuweke msingi. Katika mchezo wa kawaida wa watu wawili, kila mmoja huanza na uhai 20. Kila kiumbe kina namba mbili kwenye pembe ya chini ya kadi: ya kwanza ni nguvu, yaani madhara anayotoa, na ya pili ni uhimilivu, yaani madhara anayoweza kubeba kabla ya kufa. Kiumbe chenye nguvu 6 na uhimilivu 4 huandikwa 6/4. Viumbe vyako havimshambulii kiumbe wa mpinzani. Vinamshambulia mpinzani mwenyewe, na yeye ndiye huamua nani kati ya viumbe vyake asimame njiani. Asipozuia, anapoteza uhai kwa kiasi cha nguvu ya mshambuliaji. Akizuia, madhara yote huishia kwa mzuiaji, hata kama mshambuliaji ana nguvu 6 na mzuiaji ana uhimilivu 1. Zile pointi 5 zilizozidi hupotea hewani. Hapo tu ndipo kukanyaga kunapoingia. Mwenye kiumbe kinachokanyaga hupewa haki ya kugawa: kila mzuiaji apangiwe kwanza madhara yanayotosha kumuua, na kinachobaki anaweza kukipeleka kwa mchezaji anayeshambuliwa. Anaweza; halazimiki. Akitaka kummiminia mzuiaji madhara yote, ruhusa anayo. Na haki hiyo ni ya anayeshambulia katika mapambano pekee. Kiumbe hichohicho kikizuia, au kikipigana na kiumbe kingine kwa amri ya kadi ya uchawi nje ya mapambano, kukanyaga kwake hakuna kazi, isipokuwa kadi yenyewe iseme vingine.

Kwa hiyo mfikirie mzuiaji kama kizuizi cha ushuru barabarani. Ushuru wake ni uhimilivu wake, na ukishalipa, gari linapita na mzigo uliobaki. Swali la kama afisa wa kizuizini atabaki hai au la ni swali jingine kabisa, na ndilo linalowachanganya watu.

Ushahidi wa kwanza wa thamani ya haki hii unapatikana ukizilinganisha kadi mbili za rangi ya kijani zenye gharama ileile ya mana 6, mana ikiwa nishati ya kulipia kadi. Craw Wurm ya mwaka 1993 ni joka la 6/4 lisilo na uwezo wowote wa ziada. Colossal Dreadmaw, dinosaria aliyetoka katika seti ya Ixalan mwaka 2017, ni 6/6 na anakanyaga. Mweke mpinzani mwenye uhai 20 na viumbe vinne vidogo vya 1/1, vile vya tokeni ambavyo kadi nyingi huvizalisha bure bure. Craw Wurm akishambulia mara nne, mpinzani humtolea kafara kiumbe kimoja kila mara, na baada ya zamu nne bado ana uhai wake 20 kamili. Amenunua zamu nne kwa vitu visivyo na thamani. Dreadmaw akishambulia mara nne mbele ya kafara zilezile, kila mara pointi 1 inamezwa na 5 zinapita: 5, 10, 15, 20. Mpinzani amekufa zamu ya nne. Sasa jiulize angekufa lini kama asingezuia hata mara moja: 6, 12, 18, 24. Zamu ya nne ileile. Amepoteza viumbe vinne na hakupata hata pumzi moja.

Mfano huo unaonyesha kitu ambacho kukanyaga hununua hasa, nacho ni muda. Mchezo huu, ukiuvua mapambo yake yote, ni mbio za kuona nani atamaliza uhai wa mwenzake kwanza, na kafara ndiyo njia rahisi kuliko zote ya anayezidiwa kuiba zamu. Kukanyaga hufunga njia hiyo. Ndiyo maana nasema thamani yake haiko kwenye kadi yenyewe bali kwenye tofauti kati ya nguvu ya mshambuliaji na uhimilivu wa wazuiaji waliopo mezani siku hiyo. Dreadmaw mbele ya kiumbe cha 1/1 ni mnyama wa pointi 5 zisizozuilika. Mbele ya Wall of Stone, ukuta wa 0/8 uliokuwamo tangu 1993, Dreadmaw huyohuyo hapitishi chochote, na neno lake kubwa linakuwa wino tu.

Upande wa anayejilinda ndiko ushauri huu unakolipa zaidi, kwa sababu ndiko watu wanakofanya mambo kwa mazoea. Ukishambuliwa na kiumbe kinachokanyaga, usiulize kwanza nani anaweza kuzuia. Uliza mapigo mangapi yamebaki kabla hujafa, kisha uone kama kuzuia kutaibadilisha namba hiyo. Mwenye uhai 20 dhidi ya nguvu 6 hufa kwa pigo la nne, likiwa na ziada ya pointi 4. Ili aione zamu ya tano, lazima katika mapigo hayo manne wazuiaji wake wameze jumla ya pointi 5 au zaidi. Kafara nne za 1/1 zinameza 4, kwa hiyo hazina faida. Kafara tatu za 1/1 na kiumbe kimoja cha 2/2 zinameza 5, na zinampa zamu nzima. Pointi moja imetenganisha upuuzi na busara. Kama hesabu haibadiliki, acha pigo likuingie na ubaki na viumbe vyako, kwa maana kiumbe cha 1/1 kilicho hai kinaweza kushambulia zamu ijayo, kinaweza kubebeshwa silaha, kinaweza kuungana na wenzake.

Kuungana ndiyo dawa ambayo wengi huisahau. Uhimilivu wa wazuiaji hujumlishwa. Viumbe vitatu vya 2/2 vikizuia Dreadmaw kimoja kimoja kwa zamu tatu vitameza pointi 6 kwa jumla, vitakufa vyote, na mnyama atabaki mzima. Vikizuia kwa pamoja siku moja vitameza pointi zilezile 6, na kwa kuwa vinatoa madhara 6 kwa mpigo mmoja, Dreadmaw naye anakufa. Huenda vyote vitatu vikaenda kaburini pamoja naye, ila umebadilisha viumbe vitatu vidogo kwa mnyama wa mana 6 bila kupoteza uhai hata pointi moja. Dhidi ya kukanyaga, basi, ulinzi wa kidogo kidogo ni hasara na ulinzi wa kundi ni biashara. Pokea mapigo mawili ya mwanzo ukikusanya jeshi, kisha simama mara moja.

Sasa turudi kwenye ile tofauti ya kugawa na kuua, maana ndiyo inayofungua mafumbo. Mshambuliaji anapogawa, anapima kitu kimoja: je, madhara niliyompangia huyu yanafikia uhimilivu wake, ukitoa yale ambayo tayari amekwisha kuyapata zamu hii? Hapimi kama madhara hayo yatapunguzwa, yatazuiwa au yatapuuzwa yakifika. Mchukue Darksteel Myr, kibaraka wa chuma wa 0/1 asiyeweza kuangamizwa. Mgeni atasema huyu hafi, kwa hiyo Dreadmaw hawezi kupita. Hapana. Uhimilivu wake ni 1, apangiwe 1, na 5 zinapita. Kibaraka anabaki hai akitazama, na zamu ijayo atameza 1 nyingine. Mchukue Mirran Crusader, shujaa mweupe wa 2/2 mwenye kinga dhidi ya rangi nyeusi na kijani. Kinga hiyo inafuta kabisa madhara kutoka kwa Dreadmaw wa kijani, na mtu atadhani imefuta pia kukanyaga. Haijafuta. Mwenye Dreadmaw anampangia 2, zinafutwa zikimfikia, na 4 zinampata mchezaji aliye nyuma. Kinga ilimwokoa shujaa. Haikuwa na uwezo wa kumwokoa bwana wake. Katika kesi zote mbili aliyeshika kwamba ushuru ni uhimilivu hakuhitaji kuita mwamuzi.

Yale maneno kwamba hutolewa madhara ambayo mzuiaji amekwisha kuyapata yana faida yake pia. Ukimpiga Wall of Stone kwa Lightning Bolt, kadi ya mana 1 inayotoa madhara 3, ukuta haufi, na mchezaji mvivu atasema kadi imepotea. Lakini ushuru wa ukuta umeshuka kutoka 8 hadi 5. Dreadmaw anayezuiwa na ukuta huo sasa anapitisha pointi 1, na ukuta wenyewe unabomoka. Kwa kanuni hiyohiyo unaelewa silaha ya Embercleave ya mwaka 2019, ambayo humpa anayeibeba +1/+1, kukanyaga, na pigo maradufu, yaani kutoa madhara mara mbili katika mapambano mamoja. Kiumbe cha 3/3 kikiibeba kinakuwa 4/4. Kikizuiwa na kiumbe chenye uhimilivu 3, pigo la kwanza linalipa 3 na kupitisha 1, mzuiaji anakufa, na pigo la pili halina wa kulipwa ushuru, kwa hiyo zote 4 zinapita. Jumla ni 5. Na kama mzuiaji ni yule asiyeangamizwa? Hafi katika pigo la kwanza, lakini madhara yanayotosha kumuua tayari yako juu yake, hivyo katika pigo la pili ushuru wake ni sifuri. Matokeo ni yaleyale.

Mwenzi mkubwa wa kukanyaga, hata hivyo, ni mguso wa kifo, uwezo unaofanya pointi yoyote ya madhara imuue kiumbe aliyeipata. Ulipoanza kuchapwa kwa jina lake mwaka 2007 haukuwa na athari kwenye ushuru. Ni marekebisho ya sheria ya mwaka 2010 yaliyoweka kwamba kwa kiumbe chenye mguso wa kifo, pointi 1 inahesabika kuwa madhara ya kutosha kuua. Ukiunganisha hizo mbili, ushuru wa kila mzuiaji duniani unakuwa 1. Mvishe Dreadmaw mkufu wa Basilisk Collar, unaompa mguso wa kifo na kumrudishia bwana wake uhai kwa kiasi cha madhara anayotoa. Akizuiwa na Wall of Stone, ukuta unapangiwa 1, mpinzani anapata 5, ukuta unakufa, na wewe unaongeza uhai 6. Ule ukuta uliokuwa umezima neno lote umegeuka kuwa tokeni ya 1/1. Ndiyo maana nashauri, kama fungu lako la kadi lina viumbe vya mguso wa kifo, usisubiri majitu. Deadly Recluse ni buibui wa 1/2 wa mana 2, mwenye mguso wa kifo. Mpe Rancor, kadi ya mana 1 inayoongeza nguvu 2 na kukanyaga, na anakuwa 3/2 anayepitisha pointi 2 mbele ya mzuiaji yeyote mmoja, hata awe mkubwa kama mlima, na kumuua akipita, isipokuwa yule asiyeangamizwa au mwenye kinga dhidi ya kijani.

Kuna suala la wakati pia. Mzuiaji akishatangazwa, mshambuliaji asiye na kukanyaga amezuiwa: hata mzuiaji akitoweka kabla ya madhara, hatoi chochote. Wachezaji wajanja hutumia mwanya huo: wanazuia, kisha wanamtoa sadaka mzuiaji wao ili walipie kadi nyingine, na hivyo wanakula pande mbili. Dhidi ya kukanyaga ujanja huo unawageukia. Wazuiaji wote wakiondoka, hakuna wa kulipwa, na madhara yote yanakwenda kwa mchezaji. Kwa anayeshambulia, hii ina maana kwamba kumuua mzuiaji baada ya kuzuia kuna faida kuliko kumuua kabla: kabla, mpinzani angechagua mzuiaji mwingine, baada, mlango umebaki wazi na hana ruhusa ya kuufunga tena. Vivyo hivyo kwa kadi za kuongeza nguvu. Giant Growth humwongezea kiumbe +3/+3 hadi mwisho wa zamu kwa mana 1. Ukimpa Craw Wurm aliyezuiwa na kiumbe cha 1/1, zile 3 zimepotea. Ukimpa Dreadmaw aliyezuiwa na kiumbe hichohicho, zote 3 zinampata mpinzani, kwa sababu ushuru umekwisha kulipwa na nguvu yake ya mwanzo. Subiri, basi, wazuiaji watangazwe ndipo uitoe kadi yako.

Kanuni hiyo ya mwisho, kwamba kila nguvu inayoongezwa juu ya ushuru hupita nzima, ndiyo inayopaswa kuongoza uchaguzi wa kadi. Kukanyaga kwenye kiumbe kidogo kisichoongezwa kitu ni pambo. War Mammoth, tembo wa kale wa 3/3 kwa mana 4 wa tangu 1993, akizuiwa na kiumbe cha 2/2 anapitisha pointi 1, na akizuiwa na wa 3/3 hapitishi kitu. Lakini watu wakihitimisha kwamba uwezo huu ni wa majitu pekee wanakosea, na kadi ya kuwakosoa ni Overrun, iliyotoka katika seti ya Tempest mwaka 1997. Kwa mana 5 inawapa viumbe vyako vyote +3/+3 na kukanyaga kwa zamu hiyo. Tokeni tano za 1/1 zinakuwa wanyama watano wa 4/4, jumla ya madhara 20, uhai wote wa mtu. Mpinzani akiwa na wazuiaji wanne wa 2/2, wanaweza kumeza 8, na 12 bado zinapita. Bila kukanyaga, wazuiaji hao wanne wangeacha mshambuliaji mmoja tu apite na kutoa 4. Umbali kati ya 4 na 12 ni neno moja kwenye kadi.

Nitajibiwa kwamba kuruka ni bora. Malaika wa Serra Angel, 4/4 anayeruka kwa mana 5, hazuiwi na askari wala tokeni za ardhini, na halipi ushuru kwa yeyote. Ni kweli, na kama meza haina viumbe vinavyoruka au vinavyofikia juu, Serra Angel atatoa madhara yake yote kila zamu. Lakini kuruka ni ruhusa ya ama ndiyo ama hapana: akitokea buibui mmoja anayefikia juu, madhara 4 yanakuwa 0. Kukanyaga hakukatwi hivyo. Hupunguzwa pointi kwa pointi, na anayetaka kukuzima kabisa lazima alete uhimilivu wa kutosha kila zamu. Aidha rangi zenyewe zimegawana: kuruka ni mali ya nyeupe na buluu hasa, kukanyaga ni mali ya kijani kwanza na nyekundu baadaye. Anayecheza kijani hachagui kati ya viwili hivi. Anachagua kati ya kukanyaga na kutazama majitu yake yakizuiwa na vidudu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba dubwana la mana 6 linaondolewa kwa kadi ya mana 1. Swords to Plowshares, kadi nyeupe ya tangu 1993, humfukuza kiumbe yeyote anayeweza kulengwa kwa bei hiyo, na kukanyaga hakumsaidii kitu. Nakubali. Ila hoja hiyo inampinga kila anayeweka matumaini yake yote kwenye kiumbe kimoja ghali. Haipingi mgawanyo wa madhara. Inachofanya ni kunielekeza kupata kukanyaga kwa bei nafuu, kwenye Rancor kwa mfano, ambayo kiumbe kikifa nayo hurudi mkononi mwako badala ya kubaki kaburini. Tahadhari moja hapo: inarudi ikiwa imeondoka mezani. Kama mpinzani atamwondoa kiumbe wakati Rancor bado haijatua, itakwenda kaburini na kubaki huko. Itoe pale ardhi zake zote, yaani kadi zinazompa mana, zikiwa zimelazwa, akiwa hana mana ya kujibu.

Wengine watasema hesabu zote hizi zinafanywa na programu siku hizi. Anayecheza Magic Arena kwenye simu au kompyuta huona madhara yakigawanywa mbele yake. Sawa, lakini programu inagawa baada ya wewe kuamua. Haikwambii kwamba kafara yako ya nne haitakununulia zamu, wala haikuzuii kutoa Giant Growth mapema. Na wapo wanaolalamika kwamba sheria hubadilika kila mara, hivyo hakuna haja ya kuzisoma kwa kina. Zimebadilika kweli. Mwaka 2009 uliondolewa utaratibu wa zamani ambapo madhara yaligawanywa kwanza kisha wachezaji wakapata nafasi ya kufanya ujanja kabla hayajatua. Novemba 2024, pamoja na seti ya Foundations, uliondolewa ulazima wa kuwapanga wazuiaji kwa foleni na kumaliza wa kwanza kabla ya wa pili. Lakini angalia kilichobaki katika mabadiliko hayo yote: anayekanyaga bado hawezi kumpelekea mchezaji hata pointi 1 mpaka kila mzuiaji awe amepangiwa stahiki yake.

Kuna pembe moja ambayo huwaponyoka hata wazoefu. Ziada humwendea yule anayeshambuliwa, si lazima awe mchezaji. Kiumbe chako kikielekezwa kwa kadi ya mpinzani ya aina ya Planeswalker, ambayo nayo huweza kushambuliwa badala ya mchezaji, kinachopita mzuiaji kinatua kwenye kadi hiyo na kuishia hapo. Wachache tu, kama Thrasta wa mwaka 2021, wameandikiwa ruhusa ya kuivuka hiyo nayo.

Katika mtindo wa Commander, ambapo kila mtu huanza na uhai 40 na kiumbe kiongozi huweza kumtoa mchezaji kwa kumfikishia madhara 21 ya mapambano, hesabu hii inakuwa kali zaidi. Ghalta, Primal Hunger ni 12/12 anayekanyaga. Mapigo yake mawili ni 24, maana yake ni kwamba katika mapigo hayo mawili unahitaji kumeza pointi 4 ili ubaki, na pointi 3 hazikutoshi. Kali kuliko hapo ni Blightsteel Colossus wa mwaka 2011, jitu la 11/11 linalokanyaga, lisiloangamizwa, ambalo madhara yake kwa mchezaji hugeuka alama za sumu, na alama 10 za sumu ni kifo hata ukiwa na uhai 40. Likizuiwa na tokeni ya 1/1, zinapita 10, nawe umekwisha. Likizuiwa na kiumbe chochote cha uhimilivu 2, zinapita 9, nawe uko hai hadi zamu ijayo. Ukijenga fungu la kadi kwa ajili ya meza ambayo jitu hilo huonekana, hakikisha hukosi kiumbe cha bei ndogo chenye uhimilivu 2, na usimtoe kafara kwa jambo jingine.